Kompyuta Haipitishi Jengo: Dhana Potofu na Ukweli kuhusu Njia ya Elementi Finiti

Daraja la Mto Pangani, lenye urefu wa mita 525, lilipoanza kuinuka mahali ambapo miaka yote watu na magari walingoja pantoni kuvukia Bweni, hamu ya mahesabu ya miundo iliongezeka sana kwa vijana wa Tanga waliosomea ujenzi. Nafurahi kuiona hamu hiyo. Lakini kila nikizungumza nao, na hata na wenye majengo wa Ngamiani na Chumbageni, nasikia yaleyale yasiyo sahihi kuhusu njia ya elementi finiti, na baadhi yake yanaweza kuua watu.

Njia yenyewe ni hivi. Muundo, uwe slabu, boriti au tangi la mafuta, unagawanywa kuwa vipande vidogo vinavyoshikana kwenye nukta ziitwazo nodi. Kwa kila kipande inaandikwa milinganyo inayohusisha nguvu zilizopo kwenye nodi na kiasi ambacho nodi hizo zinasogea. Milinganyo ya vipande vyote inaunganishwa kuwa matriksi moja kubwa ya ukakamavu, yaani jedwali la namba zinazoonyesha muundo unavyokataa kusogea. Kompyuta inatafuta kwanza nodi zimesogea kiasi gani. Mkazo, yaani nguvu kwa kila kipimo cha eneo, unakokotolewa baadaye, kutokana na msogeo huo.

“Programu ikishatoa jibu, hilo ndilo jibu.”

Jibu hilo ni la kukadiria, tena ni la kukadiria hata pale ambapo kila tarakimu imeingizwa sawasawa. Ndani ya kila kipande tumeamua sisi kwamba msogeo utafuata umbo fulani rahisi, mstari ulionyooka au mkunjo wa daraja la pili, wakati muundo halisi haulazimiki kutii umbo hilo. Kwa kuwa tumeubana, mfano wetu kwa kawaida huwa mgumu kuliko muundo wenyewe, na misogeo inatoka midogo kuliko ya kweli. Archimedes alikutana na jambo la namna hii alipokadiria mzingo wa duara kwa umbo la pande nyingi lililochorwa ndani yake. Pande 6 zinatoa 3 kwa pai, pande 12 zinatoa takriban 3.106, na pande 96 zinakaribia 3.141, lakini kila mara jibu liko chini ya ukweli. Boriti iliyogawanywa kwa pembetatu sahili chache nayo itaonekana imara kupita ilivyo, na hapo ndipo mhandisi asiyejua anapopunguza nondo.

Mfano ambao kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kuujua ni wa Sleipner A. Tarehe 23 Agosti 1991, kwenye maji ya Gandsfjord karibu na Stavanger nchini Norwei, msingi wa zege wa jukwaa la gesi ulikuwa ukizamishwa taratibu kwa majaribio. Ukuta mmoja ukapasuka, maji yakaingia kwa kasi kuliko pampu zilivyoweza kuyatoa, na muundo wote ukaenda chini. Ulipogonga sakafu ya bahari, mitambo ya kupimia matetemeko ilisoma tetemeko la ukubwa wa 3. Hasara ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 700 za Marekani.

Uchunguzi ulikuta nini? Programu iliyotumika, NASTRAN, ilikuwa mashuhuri na haikuwa na hitilafu. Wavu wa vipande ndio uliokuwa mbaya: mahali kuta za matangi zilipokutana, vipande vilikuwa vikubwa mno na umbo lake limepotoka. Kwa sababu hiyo nguvu ya kukata ndani ya zile kuta ilikadiriwa pungufu kwa takriban asilimia 47. Kuta zikachorwa nyembamba, na nondo za mahali palepale hazikupewa mshiko wa kutosha ndani ya zege. Baada ya ajali, hesabu iliyofanywa kwa uangalifu zaidi ilionyesha kwamba ukuta ungeshindwa kwenye kina cha mita 62. Ulishindwa kwenye mita 65. Yaani njia ileile iliyolaumiwa, ilipotumiwa vizuri, ilikaribia ukweli kwa mita tatu. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaotumia Sleipner kama hoja ya kuikataa kompyuta.

“Basi tugawanye vipande vidogo kabisa, tatizo litaisha.”

Hapa wengi wanapotea, kwa sababu nusu ya kauli hii ni kweli. Ukipunguza ukubwa wa vipande, msogeo unakaribia thamani moja na kutulia. Ukiona umetulia, yaani hesabu ya pili yenye vipande vya nusu ya ukubwa wa awali haikubadilisha jibu kwa kiasi cha maana, una sababu ya kuliamini. Kurudia hesabu namna hiyo si anasa. Sleipner ingeokolewa na jambo hilo moja.

Ila kuna sehemu ambazo mkazo hautulii kamwe. Chukua slabu ya ghorofa ya kwanza iliyoachwa tundu la mstatili kwa ajili ya ngazi. Kwenye kila kona ya tundu hilo, nadharia ya elastiki, inayochukulia kwamba kitu hakipasuki na hurudi umbo lake mzigo ukiondolewa, inasema mkazo hauna kikomo. Punguza vipande nusu, utapanda. Punguza tena, utapanda tena. Nimeona vijana wakikesha na kona kama hiyo, wakiongeza unene wa slabu kila tarakimu inapopanda, wakati tarakimu hiyo haina maana yoyote. Zege halisi litapasuka kidogo pale pembeni na mzigo utahamia kwenye nondo. Mafundi wa siku nyingi wanajua dawa yake: nondo za mshazari kwenye kona nne za tundu. Mahali pa namna hiyo mhandisi anaangalia nguvu ya jumla inayopita kwenye upana fulani wa slabu, haangalii mkazo wa nukta moja.

Nguzo nayo ina mtego uleule. Ukiiwakilisha kwa nodi moja chini ya slabu, momenti, yaani nguvu ya kupindisha, juu ya nodi hiyo itazidi kukua kadiri unavyogawanya, kwa kuwa hakuna nguzo duniani yenye upana wa nukta. Soma momenti kwenye uso wa nguzo, au chukua wastani wake kwenye upana unaoeleweka.

“Viegemeo ni kubonyeza kitufe tu.”

Kama ningeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu katika kila mfano wa kompyuta unaoandaliwa mkoani hapa, ningekagua viegemeo, yaani mahali muundo unaposhikiliwa na namna unavyoshikiliwa. Chukua boriti ya mita 6 inayobeba kilonewtoni 20 kwa kila mita. Ukisema ncha zake zimelala tu juu ya ukuta na ziko huru kuzunguka, momenti ya katikati ni 20 mara 6 mara 6 gawanya kwa 8, sawa na kilonewtonimita 90. Ukibonyeza kitufe cha pili na kusema ncha zimekazwa zisizunguke, katikati inabaki 30 na kwenye ncha zinatokea 60 upande wa juu wa boriti. Kuinama kwa katikati nako kunapungua mara 5 kamili. Boriti ni ileile, zege lilelile, mzigo uleule.

Sasa jiulize: ukuta wa tofali za saruji, uliojengwa na fundi kwa siku chache, unaweza kweli kuikamata ncha ya boriti isizunguke hata kidogo? Hauwezi. Na mhandisi aliyechora kwa kuamini kwamba unaweza ameweka nondo za katikati theluthi moja ya zinazohitajika. Programu haikumwonya, wala haikuwa na namna ya kujua.

Upo na upande wa pili, wa kuzuia kupita kiasi. Boriti ya chuma iliyofungwa ncha zote mbili isirefuke hata kidogo, joto lake likipanda kwa nyuzi 30, inapata mkazo wa takriban megapaskali 75 kabla haijabeba mzigo wowote. Kwenye jua la Tanga kipande cha chuma kilichoachwa wazi kinafika huko bila shida. Ndiyo sababu bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, kilomita 1,443, lililobuniwa kusafirisha mafuta yaliyopashwa moto, halihesabiwi kama chuma baridi kilicholala mchangani.

“Palipo na rangi nyekundu pana hatari, palipo na bluu pako salama.”

Programu nyingi hupaka nyekundu popote penye thamani kubwa kuliko nyingine zote katika mfano huo, hata kama thamani hiyo ni ndogo mno. Slabu isiyobeba chochote zaidi ya uzito wake itakuwa na nyekundu. Soma kipimo kilicho pembeni mwa picha kwanza. Vivyo hivyo kwa umbo lililopinda: huongezwa mara nyingi ili jicho lione, na nimekuta mwenye nyumba amekosa usingizi kwa sababu ya picha ya slabu yake iliyoinama kupindukia, kumbe kuinama kwenyewe ni milimita chache.

Kosa baya zaidi ni kuchora kwenye zege mkazo wa von Mises, yaani tarakimu moja inayounganisha mikazo ya pande zote. Kipimo hicho kinafaa kwa chuma, kinachovumilia kuvutwa sawa na kinavyovumilia kugandamizwa. Zege likivutwa lina takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kugandamizwa. Kipimo kisichotofautisha kuvuta na kusukuma hakikuambii lolote la maana kuhusu zege.

“Hii ni mpya, na ni ya matajiri.”

Si mpya. Richard Courant aliandika kuhusu kugawanya eneo kwa pembetatu mwaka 1943. Turner, Clough, Martin na Topp walichapisha kazi yao mwaka 1956, iliyotokana na mahesabu ya mabawa ya ndege, na jina la elementi finiti lilitolewa na Ray Clough mwaka 1960. Wala si ya matajiri: CalculiX, Code_Aster na OpenSees zinapatikana bure, na zinafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya mkononi. Anayeanza hahitaji hata hizo. Achukue fremu ya vyuma vitatu vilivyounganishwa pembetatu, aandike matriksi ya kila chuma kwa kalamu, aziunganishe, atatue. Atajifunza zaidi ya anayebonyeza vitufe muhula mzima.

“Hesabu imefunga, kwa hiyo jengo halianguki.”

Kujumlisha nguvu za viegemeo na kuzilinganisha na mzigo wote ni lazima. Kwa ile boriti ya mita 6, jumla lazima iwe kilonewtoni 120. Isipokuwa hivyo, simama hapo hapo. Lakini jumla kufunga hakuthibitishi zaidi ya kwamba mizigo uliyoingiza imefika chini.

Paa la ukumbi wa Hartford, Marekani, liliporomoka alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978 kwa uzito wa theluji, saa chache baada ya watazamaji wapatao 5,000 kuondoka. Lilikuwa limehesabiwa kwa kompyuta. Vyuma vyake vya kugandamizwa vilichukuliwa kana kwamba vimeshikiliwa pembeni barabara, na havikuwa hivyo, kwa hiyo vilipinda ghafla chini ya mzigo mdogo kuliko uliotarajiwa. Hesabu ya kawaida ya mstari, inayochukulia kwamba mzigo ukiongezeka maradufu msogeo nao unaongezeka maradufu, haioni kupinda ghafla kwa namna hiyo; lazima uiulize swali hilo peke yake. Linaloniumiza zaidi katika kisa hiki ni kwamba wakati wa ujenzi paa lilipimwa na kukutwa limeinama takriban mara mbili ya ilivyokokotolewa. Muundo wenyewe ulisema. Vipimo vikapuuzwa kwa kuwa karatasi zilisema vingine.

Kwetu pwani kuna jambo jingine ambalo mfano haulijui mpaka uambiwe. Ukiandika nondo ya milimita 16, programu itaendelea kuiona ya milimita 16 miaka 50 ijayo. Raskazone, ufukweni hapa Tanga, kwa upepo wa kusi uliojaa chumvi, haitabaki hivyo kama zege la kuifunika ni jembamba au limepigwa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa. Chumvi inafika kwenye chuma, kutu inaanza, na kwa kuwa kutu ina ujazo mkubwa kuliko chuma kilicholiwa, zege linapasuka kwa ndani na kubanduka. Kuna pia nyufa za kawaida: boriti ya zege iliyopasuka upande wa chini, kama karibu zote zinavyopasuka zikiwa kazini, inaweza kubaki na nusu ya ukakamavu wake au chini ya hapo. Mfano unaotumia zege zima lisilo na ufa utakupa kuinama kudogo kwa uongo, na mlango wa alumini utaanza kukwama mwaka wa pili.

Kwa mwenye jengo anayelipia mahesabu, nashauri aombe vitu vitatu kwenye ripoti, hata kama hasomi hesabu: picha ya mfano inayoonyesha viegemeo vyote vimewekwaje na kwa nini, jedwali la majibu ya nyavu mbili zenye vipande vya ukubwa tofauti, na ukurasa mmoja wa hesabu ya mkono ya boriti moja au slabu moja, ikilinganishwa na kompyuta. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, anayeijua kazi yake, atakuwa navyo tayari mezani. Akisema havihitajiki kwa kuwa programu aliyotumia ni ya kisasa, mtafute mwingine kabla hamjamwaga msingi.