Koloni ya planktoni: lini seli hukusanyika, lini huachana

Msimu wa kaskazi, siku upepo unapolala, mvuvi anayetoka Nungwi au Mkoani huweza kukuta juu ya maji michirizi ya vumbi la kahawia, kama unga wa msumeno uliomwagika. Si taka za meli. Ni planktoni, yaani viumbe wadogo wanaochukuliwa na maji: hao ni Trichodesmium, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, ambao seli zao hujipanga kama uzi, kisha nyuzi zikafungana kuwa kishada. Kishada hicho ndicho koloni. Neno halina ukoloni wowote ndani yake: maana yake ni seli za jinsi moja zinazoishi zimeshikana, ingawa kila moja ingeweza kula na kugawanyika peke yake.

Anayetaka kuielewa dhana hii barabara, lakini, inampasa atoke kwenye maji yetu ya uvuguvugu aende kwenye bahari za ncha za dunia, kwa mwani mdogo uitwao Phaeocystis. Antaktika yupo P. antarctica; upande wa kaskazini, kama Bahari ya Barents, yupo P. pouchetii. Phaeocystis ana maisha mawili. Katika la kwanza ni seli moja yenye mikia ya kuogelea, upana wake mikromita chache tu (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Katika la pili seli hupoteza mikia, hutoa ute, na kukaa pembezoni mwa kifuko chenye utando mwembamba lakini mgumu. Kifuko hicho hufikia milimita moja au mbili. Kutoka mikromita 5 hadi milimita 1 ni mara 200: ni kama punje ya uwele igeuke fenesi la sentimita 40.

Lini basi maisha haya yana faida, na lini yale? Tuanze na chakula. Muhogo uliokatwa vipande vidogo huiva upesi kuliko uliotiwa mzima, kwa sababu kila kipande kina eneo kubwa la nje kulinganisha na unene wake. Seli ndogo nayo hivyo hivyo: nitreti, fosfeti na chuma huifikia kutoka pande zote. Ikijifunga kwenye kifuko, virutubisho hulazimika kupenya kwanza maji yaliyotulia yanayokizunguka kifuko, na utando wenyewe. Ndiyo maana maji yakiwa maskini, seli moja moja ndizo zenye nafuu. Koloni hustawi zaidi pale virutubisho vilipo tele, kama mwanzoni mwa majira ya kuchipua, baada ya dhoruba za baridi kuyachanganya maji ya chini na ya juu.

Ute nao si hasara tupu. Sehemu yake kubwa ni sukari zilizoungana, yaani kaboni nyingi na nitrojeni kidogo sana. Seli yenye mwanga wa kutosha lakini iliyoanza kupungukiwa nitrojeni hubaki na kaboni ya ziada, na kuimwaga kwenye ute hakuigharimu kile inachokosa. Tena ute hunasa chuma. Kusini kule hilo lina uzito mkubwa, kwa kuwa katika sehemu kubwa ya bahari inayoizunguka Antaktika nitreti hubaki bila kuliwa huku chuma kilichoyeyuka kikiwa chini ya nanomoli 1 kwa lita, yaani chini ya nanogramu 56 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu).

Sasa walaji. Wengi hufundisha kwamba koloni ni ngao, wakaishia hapo. Hiyo ni nusu ya habari, kwa sababu walaji hawana mdomo mmoja. Siliati, kiumbe wa seli moja, hukamata vitu vya mikromita chache. Mbele ya koloni hana la kufanya. Kopepodi, jamaa wa kamba mwenye urefu wa milimita moja hivi au zaidi, huona seli moja kuwa ndogo mno kwa taabu ya kuikamata, lakini koloni changa ni tonge lake hasa. Krili wa Antaktika, ambaye ukimwona utasema ni uduvi mkubwa (hufika sentimita 6), huweza kula hata koloni zilizokomaa. Kwa hiyo kukua ni kumkimbia mmoja ukajipeleka kwa mwingine, mpaka upite ukubwa anaoumudu.

Phaeocystis huonekana kulijua hilo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2007 kwa P. globosa, jamaa yake wa bahari zisizo na baridi kali, yalitumia kemikali zinazotoka pale wenzake wanapoliwa. Mlaji alipokuwa kopepodi, uundaji wa koloni ulishuka kwa asilimia 60 hadi 90. Alipokuwa siliati, ulipanda kwa zaidi ya asilimia 25. Takwimu hizo ni za spishi hiyo ndani ya chupa, si za kubebwa zilivyo hadi Antaktika. Jambo la kushika ni kwamba jibu linamfuata mlaji.

Nguvu hizi mbili, chakula na walaji, huvutana, na mwanga huingia kati. Katika Bahari ya Ross, huko Antaktika, P. antarctica hutawala mapema, maji yanapochanganyika hadi kina kirefu na mwanga ni hafifu. Barafu ikiyeyuka na kuacha tabaka jembamba la maji mepesi juu, diatomu, mwani wengine wa seli moja, ndio hushika nafasi. Hao hujenga magamba ya silika, hivyo siliketi, yaani silika iliyoyeyuka majini, ikiisha husimama. Phaeocystis haihitaji siliketi kabisa, na hapo mara nyingi ndipo anapowapita.

Kosa la kawaida kwenye vipimo ni kuziua koloni kabla ya kuzihesabu. Pampu huzipasua, na wavu huzikamua zikapita kwenye matundu, kisha mtu akaandika kwamba maji yalijaa seli moja moja. Ayodini ya Lugol na fomalini, dawa za kuhifadhia sampuli zinazotumika kila siku kwa diatomu, huweza kuuvunja ute. Afadhali maji yateremke yenyewe kwa mpira mpana kutoka kwenye chupa ya sampuli, na koloni zihesabiwe zingali hai siku ileile. Na kama kinachopimwa ni chuma, chombo chenye chuma kisiyaguse maji hayo kabisa: kutu kidogo kwenye waya wa kuteremshia chupa yatosha kuzidi chuma chote kilichomo kwenye sampuli hiyo.