Kivinjari Kinapoila Prosesa: Kabla ya Kupiga Windows, Kiulize Chenyewe

Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari za Ngamiani, hapa Tanga, hujaa watu. Kijana ameleta vyeti vyake viskaniwe, fomu iko wazi kwenye kivinjari, na kompyuta imeganda. Feni inavuma, kishale cha kipanya kinarukaruka badala ya kuteleza, na kila ukibofya inabidi usubiri. Ushauri anaoupata mwenye duka karibu kila mara ni ule ule: "Ilete tuipige Windows," yaani Windows ifutwe na kuwekwa upya. Analipa, anakosa mashine siku nzima, na baada ya wiki feni inavuma vilevile.

Inavuma kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye Windows. Mara nyingi ulikuwa ndani ya kivinjari, na kivinjari chenyewe kina mahali kinapoorodhesha nani anakula nguvu ya prosesa na kwa kiasi gani. Kupiga Windows bila kupasoma hapo ni hasara, na zipo njia mbili ambazo kazi hiyo huiacha mashine palepale ilipokuwa, au pabaya zaidi.

Anza nje ya kivinjari. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Windows la kusimamia kazi litafunguka. Tazama safu tatu: CPU (ndiyo prosesa), kumbukumbu (ndiyo RAM), diski. Wengi husema prosesa imejaa kumbe kilichojaa ni kingine. Ukiona CPU iko 20 na diski iko 100, mara nyingi hiyo ni mashine ya RAM ya GB 4 yenye diski ya kizamani inayozunguka: RAM imekwisha, kwa hiyo Windows inahamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha, huku na huko. Hapo dawa ni kupunguza vichupo (kurasa ulizofungua pamoja kwenye kivinjari), kuongeza RAM ifike GB 8, na kubadili diski iwe SSD, ile isiyozunguka. Lakini CPU ikiwa imepita 80 na jina la kivinjari liko juu kabisa, endelea kusoma.

Kuna namba moja inayostahili jicho la pili. Mpakato (laptop) nyingi zilizotumika zinazouzwa madukani zina prosesa ambayo Windows inaiona kama wafanyakazi wanne. Kivinjari kikikaa kwenye asilimia 25 hivi bila kupanda wala kushuka, hata wewe usipogusa kitu, maana yake mfanyakazi mmoja ametekwa: ukurasa fulani una programu inayozunguka palepale na haifiki mwisho. Kazi halali hupanda na kushuka. Hii hukaa tu.

Sasa ingia ndani. Ukiwa kwenye Chrome au Edge, bonyeza Shift na Esc. Kwenye Firefox, andika about:processes mahali pa anwani. Tangu ilipotoka mwaka 2008, Chrome imejengwa kama nyumba ya wapangaji: leo vichupo, viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari) na kazi ya kuchora picha kwenye skrini, vyote vina vyumba vyake. Ndiyo maana kwenye dirisha la Windows unakuta mistari kumi na tano yenye jina lilelile na hujui yupi ni yupi. Humu ndani kila mpangaji anatajwa kwa jina.

Bofya kichwa cha safu ya CPU mpaka mwenye namba kubwa akae juu, kisha toa mkono kwenye kipanya na usubiri nusu dakika. Usihukumu kwa namba ya kwanza, kwa kuwa ukurasa unaofunguka huruka juu kisha hutulia. Atakayebaki juu baada ya hapo ndiye unayemtafuta. Wala usishtuke namba za Chrome zikiwa kubwa kuliko za Windows. Chrome hupima kwa nguvu ya mfanyakazi mmoja, Windows hupima kwa nguvu ya wote, kwa hiyo 100 ya humu ni kama 25 ya kule.

Aliye juu akiwa kichupo, kazi ni nyepesi. Mara nyingi ni ukurasa wa matokeo ya mpira mubashara, gazeti lililojaa matangazo yanayotembea, au video inayojicheza yenyewe kwenye kichupo ulichokisahau tangu asubuhi. Kifunge, kikigoma, kichague kwenye orodha na ukikatishe hapohapo. Kabla ya kukatisha hakikisha si kile chenye fomu iliyojazwa nusu, maana kilichoandikwa na hakijahifadhiwa kitapotea. Jihadhari pia na tovuti za filamu za bure. Kati ya 2017 na 2019 huduma iliyoitwa Coinhive iliwapa wenye tovuti programu fupi ya kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa prosesa za wanaowatembelea. Ilifungwa Machi 2019, lakini ujanja wenyewe haukufa nayo. Dalili yake ni prosesa kupanda sekunde chache baada ya ukurasa kufunguka na kushuka mara tu unapoufunga.

Viendelezi vinahitaji subira zaidi. Fungua dirisha la faragha kwa Ctrl, Shift na N (kwenye Firefox ni P badala ya N), kisha ufungue ukurasa uleule uliokuwa ukikusumbua. Viendelezi havifanyi kazi humo isipokuwa uliviruhusu mwenyewe. Feni ikitulia, umeshajua upande wa kutafuta. Nenda chrome://extensions, au edge://extensions, au about:addons kwa Firefox, uzime nusu ya vilivyopo. Hali ikibadilika, mkosaji yuko kwenye nusu uliyoizima. Isipobadilika, yuko kwenye iliyobaki. Gawa tena. Hata vikiwa kumi na sita, kwa mizunguko minne umempata. Wanaokamatwa sana ni vizuia matangazo viwili vinavyofanya kazi moja, VPN za bure, vipakua video, na vile vilivyoingia vyenyewe pamoja na programu ya bure ya kubadili PDF. Kwa mashine ya steshenari, kizuia matangazo kimoja kinatosha, na kwa kweli kinasaidia: matangazo machache, kazi chache kwa prosesa.

Hapa ndipo kupiga Windows kunapofeli kwa njia ya kwanza. Mwenye mashine akishawekewa Windows mpya, jambo la kwanza analofanya ni kuingia Chrome kwa akaunti yake ileile ya Google ili apate nywila zake. Akaunti huleta nywila, na huleta viendelezi vyote vya zamani pamoja nazo. Mkosaji amerudi ndani kabla chai haijapoa.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, na ndiyo tunayoomba mafundi wetu waizingatie. Picha na video kwenye skrini hazipaswi kuchorwa na prosesa. Ndani ya mashine kuna chipu ya picha, ile iitwayo GPU, iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ili itumike inahitaji draiva yake, yaani programu inayoiwezesha Windows kuitumia. Windows ikipigwa haraka bila intaneti, draiva hiyo mara nyingi haiwekwi. Skrini inawaka, kila kitu kinaonekana sawa, fundi anakabidhi mashine. Lakini bofya kulia kitufe cha Windows, fungua Device Manager, panua mstari wa Display adapters. Ukikuta pameandikwa "Microsoft Basic Display Adapter", chipu ya picha imelala na prosesa inafanya kazi ya watu wawili. Kila ukisogeza ukurasa, prosesa ndiyo inayochora. Video ya dakika tano inatosha kuifikisha 100. Tiba ni kuchukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine kwa namba kamili ya modeli iliyo chini ya mpakato, kuiweka, na kuwasha mashine upya.

Draiva ikiwepo, mwulize Chrome kama anaitumia. Andika chrome://gpu na utafute mstari wa Video Decode. Ukisoma "Hardware accelerated", chipu inafanya kazi. Ukisoma "Software only", nenda chrome://settings/system, uwashe matumizi ya kasi ya grafiki, kisha ufungue Chrome upya. Hutokea pia kinyume chake: draiva mbovu humfanya mpangaji aitwaye GPU awe ndiye aliye juu kwenye orodha. Hapo izime swichi hiyohiyo kwa majaribio. Hali ikitengemaa, sasisha draiva kisha uiwashe tena, kwa sababu kuiacha imezimwa moja kwa moja ni kurudisha mzigo kwa prosesa.

Bado kuna mashine ambazo kila kitu kimewekwa sawasawa na video zinazilemea. Sababu ni umri wa chipu. YouTube hutuma video nyingi kwa mifumo ya kubana video ya VP9 na AV1, kwa kuwa hula data kidogo. Chipu za Intel zimeweza kufungua VP9 ipasavyo kuanzia kizazi cha 7, na AV1 kuanzia kizazi cha 11 kilichotoka 2020. Kati ya mifumo ya YouTube, chipu ya mpakato ya kizazi cha 3 au cha 4 inajua ule wa zamani wa H.264 tu, hivyo video ikija kwa mfumo mwingine inaangukia kwa prosesa. Punguza ubora uwe 480p. Kwenye skrini ya inchi 14 tofauti ni ndogo, na bando nalo linadumu.

Kwa wenye vichupo vingi, chrome://settings/performance ina kiokoa kumbukumbu kinachovilaza vichupo usivyovitumia. Kiwashe, lakini tovuti yenye fomu ndefu iongeze kwenye orodha ya zisizolazwa. Na kwenye chrome://settings/system zima ruhusa ya programu kuendelea nyuma ya pazia kivinjari kikishafungwa.

Kisha kuna jambo ambalo hakuna mpangilio wa kivinjari utakaolitibu, nalo kwetu pwani ni zito. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, chumba kisicho na kiyoyozi Makorora au Raskazone ni cha moto na unyevu. Vumbi lenye unyevu wa bahari halipeperuki; linaganda kwenye mapezi ya shaba mbele ya feni mpaka linakuwa kama kipande cha blanketi. Hewa haipiti. Prosesa ikikaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na kazi ndogo inageuka mlima. Kwenye dirisha la Windows la kusimamia kazi, fungua ukurasa wa Performance usome Speed. Prosesa ya GHz 2.4 iliyolemewa na kazi haipaswi kusoma GHz 0.79. Ikisoma hivyo muda wote, kivinjari hakina kosa.

Fungua mpakato, uzuie panga za feni kwa njiti zisizunguke, kisha pulizia hewa kavu kutoka upande wa mapezi. Usipulize kwa mdomo, unaongeza unyevu. Kama mashine ina miaka mingi, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na uweke mpya kiasi cha punje ya mchele. Unapofanya kazi, weka mashine juu ya meza ngumu. Kanga au kitambaa cha meza kilichokunjwa huziba tundu za chini.

Mwendo ukiwa umeganda chini ilhali mashine haina joto, kagua chaja. Dell nyingi hutambua chaja kupitia sindano nyembamba iliyo katikati ya pini. Sindano ikipinda au kukatika, au ukinunua chaja ya mtaani isiyo na utambulisho, mashine haijui inapewa wati ngapi, hivyo hujibana. Dalili yake ni betri kutochaji ingawa chaja imechomekwa. Mashine inayotaka wati 65 ipewe 65, si 45.

Mashine zilizobaki na Windows 7 au 8.1 hazipati Chrome mpya kupita toleo la 109 la mwaka 2023, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye matoleo hayo ya kale usitegemee marekebisho, na kazi za kibenki zifanyie kwingine.

Ukishapita kote huko na kivinjari bado kinavuma, tengeneza wasifu (profile) mpya ndani ya Chrome bila kuingia akaunti yoyote, ukitumie siku moja. Kikitulia, tatizo liko kwenye wasifu wa zamani: nenda chrome://settings/reset. Hatua hiyo huzima viendelezi na kurudisha mipangilio ya mwanzo, lakini haigusi alamisho wala nywila zilizohifadhiwa. Kwenye Firefox kazi inayofanana na hiyo iko about:support.

Na kama bado ni lazima kupiga Windows, basi mwambie fundi jambo moja kabla hujamwachia mashine, na la pili ulifanye mwenyewe. Draiva ya picha iwekwe na ikaguliwe kwenye Device Manager mbele yako. Na ukishaingia akaunti yako ya Google, fungua mipangilio ya usawazishaji, zima viendelezi, uache alamisho na nywila tu zirudi.