Mgeni Hawindi Apendavyo: Ufafanuzi kwa Umma Msimu wa Uwindaji Unapofunguliwa

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1, na malalamiko nayo hufunguliwa siku hiyohiyo. Safari hii mengi yanatokana na video inayozunguka kwenye simu. Wageni wamekaa kambini jioni, Mjerumani, Msweden na Mmarekani, kila mmoja anasifia bunduki yake na wanyama wa kwao, na chini yake mtu ameandika: "Mzungu akiua simba ni utalii, mimi nikiua digidigi ni ujangili."

Maneno hayo ni matamu kuyasambaza. Shida ni kwamba walioyasambaza hawakusikiliza wageni wale walikuwa wanaongea nini. Ukiwasikiliza wawindaji wa nchi mbalimbali wakikutana, utashangaa jinsi mazungumzo yanavyohama haraka kutoka kwa mnyama kwenda kwenye masharti: kwenu unaruhusiwa kuwinda usiku? Mbwa je? Nyama unaruhusiwa kuuza?

Kwa Mjerumani haki ya kuwinda inafuata ardhi. Mwenye ardhi ya kuanzia hekta 75 kwa kipande kimoja anaweza kuwa na eneo lake la uwindaji. Wenye vishamba vidogo huunganishwa kisheria, na haki hiyo hukodishwa. Lakini hata mwenye hekta 500 hawindi humo kabla hajafaulu mtihani wa serikali wa biolojia ya wanyama, sheria, silaha na shabaha, mbwa, magonjwa na usafi wa nyama. Ni mgumu kiasi kwamba wenyewe kwa utani wanaulinganisha na mtihani wa kumaliza sekondari, ila huu ni wa kijani. Sheria yao inapima hadi nguvu ya risasi. Paa wao mdogo, ambaye kwa umbo tunaweza kumweka karibu na swala tomi, anataka risasi ambayo ikifika mita 100 bado ina jouli 1,000. Kwa nguruwe mwitu na wanyama wengine wakubwa wenye kwato ni jouli 2,000, na kipenyo cha risasi kisipungue milimita 6.5. Ukikutwa umetumia pungufu, leseni iko hatarini.

Msweden yeye humwinda paa mkubwa kuliko wote duniani, kwa Kiingereza "moose", mnyama wa kumkaribia pofu kwa uzito. Humwinda kwa kikundi cha majirani, mbwa wakimtafuta na kumbwekea mpaka asimame. Akija kwetu anaambiwa mbwa ni marufuku.

Mmarekani ndiye anayefanana nasi kwa msingi wa sheria, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Kwao mnyamapori ni wa umma chini ya jimbo. Paa akiingia shambani kwako huwezi kumpiga kwa sababu tu amesimama kwenye mahindi yako. Unahitaji leseni ya jimbo, msimu uwe wazi, na idadi yako isizidi. Nyama utakula na kugawia jirani, lakini kuiuza huwezi, wakati Mjerumani anaweza kumuuzia mwenye mgahawa bila wasiwasi. Tangu 1937 kuna sheria ya Pittman-Robertson inayotoza ushuru, asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na fedha hiyo hurudi majimboni kwa ajili ya wanyamapori. Afrika Kusini wamekwenda njia nyingine kabisa: tangu sheria yao ya 1991, mwenye shamba lenye uzio wa kutosha anatambulika kuwa mmiliki wa wanyama walio ndani. Hapa Tanzania wanyamapori wote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Kununua shamba hakukupi nyati aliyelala humo.

Sasa bunduki. Uvumi uliopo ni kwamba mgeni hushuka na silaha yoyote aitakayo, za kivita zikiwemo. Si kweli, na naomba tulimalize hili. Bunduki za kujiendesha zenyewe, ziwe za kumimina risasi au za kupiga moja moja bila kukoki, haziruhusiwi kwa uwindaji. Bastola haziruhusiwi. Kwa wanyama hatari, yaani tembo, nyati, simba na kiboko, kipimo cha chini cha kipenyo cha risasi ni .375 ya inchi, takriban milimita 9.5. Kwa wengine ni .240.

Hapo Mjerumani wa kwenye video alikuwa na huzuni yake. Bunduki aliyorithi kwa babu yake hupiga 9.3x62, risasi ya kipenyo cha milimita 9.3 iliyobuniwa na fundi Otto Bock wa Berlin mwaka 1905, mahsusi kwa walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani ya Afrika, hii nchi yetu ikiwa mojawapo. Risasi iliyozaliwa kwa ajili ya nyati wa huku, leo haimpigi nyati huku, kwa sababu imepungua takriban sehemu mbili za kumi za milimita. Aliwaambia wenzake kwamba atamwinda kongoni nayo, na kwa nyati atatumia nyingine. Ndivyo mtu anayejua masharti anavyoongea.

Mnyama anapoanguka ndipo mila zinapokutana, na hapa nitachukua muda kidogo kwa kuwa kuna barua iliyotufikia ikidai wageni "wanafanya uganga juu ya mizoga". Mjerumani huvunja kitawi kibichi na kukiweka mdomoni mwa mnyama, kama mlo wake wa mwisho. Hukata kingine, hukigusisha damu, na hupewa yule aliyepiga akichomeke upande wa kulia wa kofia. Mnyama hulazwa kwa ubavu wa kulia, na si adabu kumruka. Hakuna uganga hapo, ni heshima kwa mnyama. Mmarekani wa kwenye video, kwa upande wake, hana tawi; anataka kupima pembe kwa utepe kabla hata hajapangusa jasho.

Wakati hayo yanaendelea, mfuata nyayo wetu ana haraka nyingine. Kama ni Mwislamu, na wengi ni Waislamu, anakimbia na kisu kabla roho haijatoka ili achinje kwa jina la Mwenyezi Mungu, maana bila hivyo nusu ya kambi haili jioni ile. Mgeni naye anaitaka ngozi ya shingo nzima, kwa sababu kichwa kitatundikwa ukutani na kisu cha kooni kinaacha mshono. Mwindaji bingwa makini, yaani mtaalamu anayemwongoza mgeni, hulimaliza jambo hili asubuhi kabla gari halijawashwa: kisu kipite juu karibu na taya, au mgeni akubali mshono, au mnyama yule aachiwe wasio na sharti hilo. Asipolimaliza mapema, watu wanazozana juu ya mnyama anayekata roho, na hilo halimpendezi yeyote.

Kuhusu utaratibu. Bunduki ya mgeni hutangazwa uwanja wa ndege alipotua. Namba iliyochongwa kwenye chuma hulinganishwa na iliyo kwenye kibali. Ikitofautiana tarakimu moja, bunduki haitoki hapo. Risasi huhesabiwa. Anapoondoka, bunduki zilezile lazima zitoke, na idadi ya risasi zilizotumika ieleweke. Porini hawi peke yake: yupo mwindaji bingwa mwenye leseni, na yupo askari wa wanyamapori ambaye kazi yake si kubeba maji ya mgeni bali kusimamia sheria. Kila mnyama anaandikwa siku hiyohiyo: aina, jinsia, mahali, tarehe. Aliyejeruhiwa akapotea anahesabiwa ameuawa na analipiwa kamili, na akiwa ni mnyama hatari kuna wajibu wa kumfuatilia na kutoa taarifa, kwa sababu nyati mwenye risasi mwilini atakayekutana naye kesho ni mama anayekwenda kuni. Hairuhusiwi kupiga ukiwa ndani ya gari, wala usiku kwa taa, wala kwa sumu, wala kwa nyaya.

Simba lazima awe dume mwenye umri usiopungua miaka 6, na fuvu lake hukaguliwa, meno yakiwemo, baada ya kuwindwa. Mwindaji bingwa aliyeruhusu simba mchanga apigwe hawezi kujitetea kwa kusema manyoya yalionekana marefu. Chui ni dume tu. Tembo, pembe yake lazima ifike kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Twiga haguswi kwa bei yoyote. Kuhusu kuwindwa kwa tembo wenye pembe kubwa wanaovuka kutoka upande wa Amboseli, Kenya, kuja Longido, jambo ambalo limeandikwa sana, hilo lina wasemaji wake na mimi simo. Nitabaki kwenye kanuni zilizopo.

Tuje kwa digidigi wa kwenye video. Mtanzania anaweza kuwinda kwa leseni ya mkazi, katika eneo na muda uliotangazwa, kwa bunduki iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya 2015. Gobore lililoachwa na babu bila kusajiliwa si urithi, ni silaha haramu, na kulificha darini kunazidisha tatizo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na Bonde la Yaeda wanazingatiwa na sheria kwa utaratibu wao wa jamii za asili. Utaratibu huo hauazimwi na jirani anayefuga ng'ombe. Na anayetaka nyama tu hana haja ya kuwinda. Tangu kanuni za 2020 yapo mabucha ya nyamapori yenye leseni. Nunua, dai risiti, itunze mpaka nyama iishe.

Nasisitiza risiti kwa sababu kosa linalowafikisha watu wengi mahakamani si kuua. Ni kupatikana na nyara za Serikali bila kibali, kifungu cha 86 cha Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Nyama ni nyara sawasawa na ngozi, pembe na jino. "Nimepewa na shemeji" haikusaidii. Ni wewe utakayetakiwa kuonyesha uhalali. Ofisa wanyamapori huitambua nyama, hujaza hati ya uthamini, na hapa watu hushtuka: hathamini kilo, anathamini mnyama. Paja moja la nyumbu linasomwa kama nyumbu mmoja, na katika kesi nyingi za ukanda wa Serengeti hiyo imekuwa dola 650 za Marekani. Kutegemea thamani, adhabu inaweza kuwa kifungo cha miaka 20 hadi 30, na shauri huendeshwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi.

Wengine hutuuliza nyama inakwenda wapi, wakidhani askari wanaila. Nyama huoza, hivyo haingoji hukumu. Hupelekwa kwa hakimu ikiwa na fomu ya orodha ya mali, mtuhumiwa akiwepo mwenyewe na kupewa nafasi ya kusema neno lake, hupigwa picha, amri hutolewa, kisha huteketezwa. Fomu hiyo ndiyo inayosimama kizimbani badala ya nyama. Mahakama ya Rufani imekwisha kuachia watu kwa sababu mtuhumiwa hakuwepo amri ilipotolewa, kwa hiyo askari wetu nao wanajua kwamba mchezo hapo haupo.

Tafadhali tuache kusema "ni kitoweo tu". Hakimu hana kifungu cha kitoweo.

Kwa walio mpakani: leseni ya nchi moja huishia kwenye kizuizi cha nchi hiyo. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977 na haijaufungua. Uganda ilifunga 1979, ikaanza tena kwa majaribio 2001 kandokando ya Ziwa Mburo. Botswana ilisimamisha 2014 ikarudisha 2019. Kwa hiyo nyama iliyonunuliwa kihalali bucha la Arusha, ukivuka nayo Namanga kwenda Kenya, umeingia kwenye sheria nyingine isiyoitambua risiti yako. Mgeni wa kitalii naye hapandi ndege na pembe mkononi. Nyara hukaguliwa, hupewa vibali vya mifugo, na kwa spishi zilizo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, hupewa kibali cha kutoka, nchi nyingine zikidai na cha kuingia. Inaweza kuchukua miezi.

Limebaki swali la simba aliyeingia zizini. Sheria inakuruhusu kujilinda na kulinda mali yako, na kifuta jasho kwa mali iliyoharibiwa, au kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa, vina utaratibu wake kupitia serikali ya kijiji na ofisi ya maliasili ya wilaya. Lakini simba uliyemuua kwa kujitetea bado ni wa Serikali, kuanzia kucha hadi mafuta. Toa taarifa mara moja kwa mtendaji wa kijiji au kituo chochote cha askari wa wanyamapori. Mwache alipoanguka, na ng'ombe aliyeuawa naye mwacheni hapohapo, kwa sababu ofisa atahitaji kuona alama za meno na nyayo kabla hajajaza fomu ya madai. Kila mwaka kuna mfugaji anayepoteza kifuta jasho kwa kuwa ng'ombe alishachunwa na kugawanywa kabla ya ofisa kufika, na kila mwaka kuna kijana anayekamatwa kwa kucha mbili alizozikata "za kumbukumbu".