Mtoto anayekataa chakula: tazama saa na uzito wa uji kwanza

Mtoto wa miezi 7 anafunga mdomo, anageuza uso, anatema. Nyumba nzima inahamia jikoni: leo uji wa mtama, kesho wa mchele, keshokutwa kopo la dukani. Mimi ni mtu wa lishe ya watoto, na kabla ya kuuliza kimepikwa nini huuliza mtoto ametia nini tumboni katika saa mbili zilizopita. Mara nyingi tatizo limo humo: ziwa dakika kumi kabla ya chakula, biskuti aliyopewa na kaka yake, chai ya rangi yenye sukari, juisi ya paketi. Mtoto huyo ameshiba, na anasema hivyo kwa njia pekee aliyonayo.

Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 7 anajaa kwa mililita 210 hivi, pungufu ya kikombe cha mililita 250. Katika nafasi hiyo ndogo, mtoto anayenyonya wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kalori kama 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Miezi 9 hadi 11 ni 300, na baada ya mwaka ni 550 hivi. Uji unaonyweka kwa kikombe una maji mengi na nguvu kidogo. Unajaza tumbo kabla ya kulisha mwili, kisha mama anashangaa kwa nini boga la mchana limekataliwa. Kipimo ni rahisi: chota kijiko, kiinamishe. Chakula kikimwagika kama mchuzi, bado ni chepesi. Kinatakiwa kibaki kijikoni, au kidondoke polepole kwa bonge. Kwenye nusu kikombe ongeza vijiko 2 vya chai vya tui zito, lile la mkamuo wa kwanza. Tui linaongeza nguvu na kulainisha, lakini halichukui nafasi ya samaki wala yai.

Nalisisitiza hilo kwa sababu ya madini ya chuma. Akiba aliyotoka nayo mtoto tumboni mwa mama inapungua sana ifikapo miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo, ilhali anahitaji takriban miligramu 11 kwa siku mpaka atimize mwaka. Damu ikipungua, hamu ya kula nayo inapungua; asipokula, damu inazidi kupungua. Chai ya rangi inazidisha shida hii kwa kuzuia chuma kisifyonzwe. Iondoe kabisa, hata ile ya kuchovyea mkate.

Kwa hiyo kila siku bakuli lipate kitu cha baharini au cha bandani: samaki, dagaa, yai lililoiva sawasawa, au kijiko kimoja cha chakula cha maini ya kuku, mara moja au mbili kwa wiki. Kunde na choroko zinafaa pia zikipondwa vizuri, na kipande cha papai au embe baada yake husaidia chuma chake kufyonzwa. Dagaa wetu wengi wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo watoe vichwa na matumbo, waloweke kwenye maji ya moto dakika 10, wasuuze mara mbili. Kisha wakaange bila mafuta mpaka wakauke kabisa, watwange, upitishe kwenye chekecheke. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kinatosha kwa mlo. Ukitia viwili siku ya kwanza, harufu itamkimbiza, na utamlaumu dagaa bure.

Mlo ninaoupenda kwa wanaoanza: kipande cha boga cha ukubwa wa kiganja, kiazi kitamu kimoja kidogo, majani matano ya mchicha na kipande cha kolekole cha ukubwa wa kiberiti. Boga na kiazi vichemke kwa maji kidogo hadi vilainike, mchicha uingie dakika tatu za mwisho. Samaki mpike peke yake na ngozi yake, mweke kwenye sahani pana, umchambue kwa ncha za vidole mara mbili. Macho peke yake hayaoni miba yote. Ponda vyote kwa uma, tia tui. Chumvi na sukari hapana, na asali isiguswe kabla ya mwaka mmoja, hata ya kupaka ulimini, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli ya mtoto.

Usisage chakula milele. Miezi 6 ni laini, miezi 8 ni ya kupondwa na vibonge vidogo, miezi 9 vipande laini vya kushika mwenyewe: ndizi mbivu, kiazi, shelisheli lililochemshwa. Mtoto aliyebaki kwenye vilivyosagwa hadi karibu na mwaka mara nyingi hukataa kutafuna. Akikunja uso, akatoa ulimi na kukohoa kama anataka kutapika, mwache. Anajifunza, na sauti ni dalili njema. Hatari ni ukimya: hakohoi, halii, rangi inabadilika. Hapo mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni katikati ya mabega mara 5. Kilichomkwama kisipotoka, mgeuze, umbonyeze katikati ya kifua mara 5, urudie, huku mwingine akitafuta msaada. Njugu nzima, nazi ya vipande, zabibu nzima na shokishoki yenye kokwa zikae mbali naye.

Kuhusu saa, nafasi ya kama saa moja na nusu baada ya ziwa inatosha. Siku inaweza kwenda hivi: ziwa alfajiri, chakula saa 2 asubuhi, ziwa na usingizi, chakula saa 6 na nusu, ziwa, kisha chakula cha tatu baada ya Alasiri kabla hajachoka. Mwenye miezi 6 aanze na vijiko 2 au 3 vya chakula kwa mlo, apande taratibu hadi nusu kikombe. Ramadhani mlo wa mchana ndio unaopotea, kwa kuwa jiko halikuwashwa na wakubwa wamefunga. Mpangie mapema. Na futari ikipikwa, boga au kunde za nazi, mtolee sehemu yake kabla ya chumvi na pilipili.

Mkalishe chini pamoja na wengine, apate kuona midomo ikitafuna, lakini awe na bakuli lake. Kwenye sinia hakuna anayejua amekula matonge mangapi. Mgongo wima, mikono huru, kijiko kimoja chako na kingine cha kuchezea. Gusa mdomo wa chini, subiri aufungue. Akigeuza uso mara tatu mfululizo, mlo umekwisha, hata kama dakika 20 hazijatimia. Kazi yako ni kuchagua chakula na saa. Kiasi anakijua yeye.

Kumpakata chali, kumbana mikono na kumziba pua ili ameze ni jambo ninaloomba liachwe leo. Uji unaweza kuingia mapafuni, na mtoto anajifunza kwamba kijiko ni cha kuogopwa; kesho ataanza kulia akiona bakuli. Chakula kipya kilichotemwa kirudi baada ya siku mbili, kijiko kimoja cha chai kando ya anachokipenda. Wengine hukubali baada ya mara 8 au 10, wengine 15. Mama wengi huacha kwenye ya tatu.

Kukataa kwingine ni maradhi. Angalia utando mweupe mdomoni, homa, masikio, fizi zilizovimba. Akikataa ziwa na chakula pamoja, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nenda pia kama viganja vyake vimekuwa vyeupe, kama anapaliwa kila mlo, kama uzito kwenye kadi haukupanda kwa vipimo viwili mfululizo, au utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu unasoma chini ya sentimita 12.5. Dawa ya chuma usiinunue kabla ya damu kupimwa. Na akipona homa au kuharisha, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili, maana hamu yake hurudi kwa kasi na mwili unataka kufidia.