Betri Haina Swichi: Kuliandaa Gari la Umeme kwa Ukumbi wa Maonyesho

Mwezi uliopita vijana mafundi wa hapa Kigoma waliniomba nilikague gari lao la umeme la majaribio kabla halijawekwa katika ukumbi wa maonyesho, ambamo wanafunzi wataingia kwa makundi. Waliniuliza kwanza kama inatosha kulizima gari na kuuficha ufunguo. Haitoshi, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Gari la petroli likishatolewa mafuta hubaki chuma tu, lakini seli za betri ya lithiamu hubaki na nguvu hata gari likiwa halina ufunguo wala magurudumu. Seli moja ya aina inayotumika sana ina takriban volti 3.7, ambazo hazimdhuru anayeigusa. Seli 96 zikiungwa mfululizo hufikia takriban volti 355 za mkondo mnyoofu, ilhali katika magari hatari huhesabiwa kuanzia volti 60. Ndiyo maana nyaya kubwa huvikwa ganda la rangi ya machungwa.

Tulianza kwa kuchomoa plagi ya usalama, ambayo huukata mfululizo wa seli, tukasubiri dakika kumi ili kapasita za inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe mota, zimalize chaji zilizohifadhi, kisha tukapima kwa mita kabla mtu yeyote hajagusa waya. Kupima hakurukwi hata kama mtu amesubiri saa nzima.

Lilibaki suala la betri yenyewe. Ikihifadhiwa imejaa, huzeeka upesi. Ikiachwa tupu ni vibaya zaidi, kwa kuwa seli hujipunguza chaji polepole, na zikishuka mno shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka na inaweza kuleta shoti siku betri itakapochajiwa tena. Kwa maonyesho ya siku chache, chaji ya asilimia 30 hadi 50 inafaa. Kwa maonyesho ya miezi, nilishauri seli zitolewe kabisa.

Vijana hawakupendezwa, na ninawaelewa. Kampuni ya Marekani ya General Motors ilitengeneza magari ya umeme 1,117 ya EV1 kati ya 1996 na 1999, kisha mengi yakapondwa, na machache yaliyopelekwa kwenye makumbusho yakaondolewa uwezo wa kutembea, isipokuwa lile la makumbusho ya Smithsonian ya Marekani lililobaki kamili. Jambo hilo hunihuzunisha kila ninapolikumbuka. Hata hivyo, usalama wa watoto hao unatangulia.

Tulikubaliana kuweka mifuko ya mchanga yenye uzito sawa na wa seli zilizotolewa, kwa maana bila uzito huo springi huinua bodi na mtazamaji huona gari lenye kimo kisicho chake. Betri za risasi za EV1 za mwanzo zilizidi kilo 500, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo.

Kando ya gari kutakuwa na kasha la kioo lenye seli tupu iliyopasuliwa, na maelezo niliyoyaandika nikimfikiria mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, aliyeacha karabai na sasa huingia ziwani na taa za betri. Betri yake ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600. Gari lenye betri ya kilowati-saa 24 hubeba sawa na betri 40 kama hiyo. Hesabu hiyo itabandikwa juu ya kasha, kwa herufi kubwa.