Nondo wa Kila Siku Ndiye wa Kuandikwa

"Huyo mbona wa kila siku, waandika nini?"

Nazunguka bustani za watu hapa Mombasa kuwatambulishia wadudu wao, na neno hilo nimelisikia Kizingo, nimelisikia Tudor, nimelisikia Bamburi, hadi limenichosha. Mwenye nyumba ametundika shuka jeupe uani na kuwasha taa, nondo wamelijaa, naye anamngoja mmoja tu: yule mkubwa wa kijani mwenye mabaka, Daphnis nerii, ambaye kiwavi wake hukulia kwenye oleanda. Akifika, simu zote hutoka. Wale wadogo wa rangi ya majivu, ambao ndio wengi, hukung'utwa chini bila hata kuhesabiwa.

Dhana hii huharibu kazi kuliko nyingine zote. Mdudu wa nadra humwoni leo, humwoni kesho. Utajuaje kama amepungua? Wa kawaida ndiye anayeonyesha kuwa mahali pamebadilika. Nzige wa Milima ya Rocky, Amerika ya Kaskazini, walikuwa wakiziba jua katika miaka ya 1870. Wa mwisho kukamatwa hai walikamatwa mwaka 1902. Nani wakati ule angeona haja ya kuwaandika? Uingereza wanajua kuwa nondo wao wakubwa walipungua kwa asilimia 33 kati ya 1968 na 2017, na wanajua kwa sababu mitego ya taa iliwashwa usiku baada ya usiku, na kila aliyeingia akahesabiwa, wa kawaida pamoja na wa ajabu.

Huku kwetu wataalamu wengi hupita mjini wakaelekea misitu ya Arabuko-Sokoke au Shimba Hills. Vipepeo wa mchana nao wana watu wao: tangu 1993, mradi wa Kipepeo pale Gede umewawezesha wanakijiji kufuga vipepeo na kuuza pupa, yaani hatua iliyo kati ya kiwavi na kipepeo. Nondo wa uani kwako wana wewe tu.

Kwa hiyo fanya hivi. Taa ileile, mahali palepale, saa zilezile. Andika tarehe, mtaa, muda uliokaa, idadi, hali ya mwezi na upepo. Usiku ambao shuka limebaki tupu uandike pia, na hapa nasisitiza, kwa sababu ndio unaorukwa na kila mtu. Mbalamwezi hupunguza wanaokuja kwenye taa, na upepo mkali vilevile. Kila Julai kuna anayenipigia kuniambia nondo wamekwisha kwake, kumbe ni kusi inavuma. Daftari lingemwambia hivyo kabla yangu. Usipolijua jina, usibuni. "Nondo mdogo wa kijivu, 40" ni rekodi ya kweli. Jina la kubahatisha ni uongo utakaonukuliwa na wengine. Na picha iliyopita makundi matatu ya WhatsApp, isiyo na tarehe wala mahali, hata ikipendeza vipi, haifai kitu.

Wapo wanaoamini kuwa lazima mdudu auawe na kuchomwa pini ndipo ahesabiwe. Kuna wadogo wasiotambulika bila kuchunguzwa chini ya hadubini, ni kweli, lakini kwa bustani ya nyumbani piga picha moja kutoka juu na moja ya ubavuni, weka rula kando yake, mwache aende.

Kwamba nondo hupenda taa, hapana. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kuwa wadudu warukao usiku huelekeza mgongo upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni mbingu. Wakifika karibu na taa huigeuzia mgongo, wakabaki wakizunguka wasipate njia ya kutoka. Wamenaswa, hawafurahii. Ndiyo maana nawaomba watu wazime taa mapema na kuwapungia nondo taratibu vichakani kabla ya alfajiri. Ukiliacha shuka hadi asubuhi, utakuwa umewaandalia kunguru kifungua kinywa, na mijusi kafiri watakuwa wamekwisha kula chakula cha usiku.

Nondo hula nguo? Wachache sana, na anayekula ni kiwavi, naye hutaka sufu, manyoya na hariri. Kanga safi ya pamba haimhusu. Unga wa mabawa hupofusha? Ni magamba madogo, yakiingia jichoni huwasha kama vumbi, nawa kwa maji. Wa kuogopwa kwa mkono mtupu ni viwavi wenye manyoya, baadhi yao huwasha vibaya.

Kisha kuna dawa. Kiwavi akionekana tu, bomba la kunyunyizia linatolewa, na mwezi unaofuata mtu huyohuyo ananiuliza kwa nini mpapai wake hauzai. Watafiti Dino Martins na Steven Johnson walichunguza mipapai hapa Kenya na kukuta kuwa wachavushaji wake wakuu ni nondo wakubwa warukao kwa kasi, wenye mirija mirefu ya kunyonya. Ukiwamaliza viwavi wao, nani atabeba chavua kutoka mpapai dume hadi jike? Kabla hujaukata mti, hakikisha kuna dume jirani, kisha kaa chini yake wakati wa magharibi kwa siku kadhaa bila kuwasha taa, na daftari mkononi, uandike waliofika na saa waliyofika.