Embosi: geuza kadi uone mgongo wake

Kadi yoyote iliyotengenezwa kwa mkono yenye maandishi yanayometameta siku hizi huitwa ya embosi. Iliyomwagiwa vumbi la pambo juu ya gundi, embosi. Iliyobandikwa karatasi ya dhahabu, embosi. Nimekuta hata maelekezo ya kadi za harusi yanayomwambia msomaji "aembosi" majina ya maharusi kwa kalamu ya wino wa fedha.

Embosi ni kuinua sehemu ya karatasi hadi mchoro usimame juu ya uso wake. Wino si lazima, wala rangi. Muhuri wa kubana unaopigwa kwenye hati bila wino ni embosi kamili: huonekana kwa kivuli chake na kidole huusoma.

Kinachofanya kazi hapo ni nyuzi za karatasi. Mashine huibana karatasi kati ya vibao viwili vinavyoingiana, kimoja kikiwa na mchoro uliotokeza na kingine uliobonyea, nyuzi zikavutika na kubaki katika umbo jipya. Mtengeneza kadi asiye na mashine huweka stensili, yaani bamba jembamba lenye mchoro uliokatwa, juu ya kioo chenye taa chini yake, akailaza kadi kifudifudi juu ya stensili, kisha akafuata kingo za mchoro kwa kalamu butu yenye ncha ya gololi. Karatasi nyembamba hutoboka. Ngumu mno hupasuka. Kuisugua kidogo kwa karatasi ya nta kabla ya kuanza huifanya kalamu iteleze badala ya kukwaruza.

Kwa kuwa mkono unabonyeza kwa nyuma ili mchoro uchomoze mbele, herufi lazima zikae kinyume mbele ya macho ya anayefanya kazi. Wengi huharibu kadi ya kwanza kwa kusahau hilo. Maandishi ya nukta nundu, ambayo wasioona huyasoma kwa vidole na Louis Braille aliyachapisha mwaka 1829, yanafuata kanuni hiyo hiyo: anayeandika kwa bao na kalamu huanzia kulia kwenda kushoto, kisha hugeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto. Kwangu hiyo ndiyo embosi yenye thamani kuliko zote, maana mwinuko wenyewe ndio ujumbe.

Sasa tuje kwenye unga, maana hapo ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo. Unapiga muhuri kwa wino mzito usiokauka haraka, unanyunyizia unga laini wa plastiki, unakung'uta uliozidi, kisha unapuliza hewa ya moto mpaka chembe ziyeyuke na kuungana. Matokeo yake ni mstari ulionyanyuka, laini, wenye mng'aro. (Kikaushia nywele hakifai: kwa kawaida joto lake halitoshi, na upepo wake hupeperusha unga kabla haujashika.) Hii nayo ni embosi, na jina lake ni embosi ya joto. Lakini karatasi yenyewe haijainuka hata kidogo. Geuza kadi: mgongo uko bapa. Kwenye embosi kavu, ile ya kubonyeza, mgongo una shimo linalofuata umbo la mchoro wa mbele. Kipimo hicho kinatosha kumaliza ubishi mwingi.

Kuna na ile ambayo mchoro umezama upande wa mbele. Hiyo ni mbonyeo, kinyume cha embosi, hata kama imetoka kwenye mashine ile ile.

Karatasi ya dhahabu iliyobandikwa hung'aa bila kuinuka, kwa hiyo haimo humu. Vumbi la pambo hukwaruza kidole, lakini limekaa juu ya gundi. Halijayeyuka wala halijasukuma karatasi. Ni mapambo mazuri yenye majina yake, na kadi haipungukiwi chochote kwa kuitwa ilivyo.

Ninachoomba kwa wanaowaandikia wengine maelekezo ni neno moja la ziada: embosi kavu, au embosi ya joto. Vifaa havifanani. Anayeanza akisoma "embosi" tupu hununua kalamu za gololi na stensili, akifika hatua ya tatu anaambiwa anyunyizie unga.